Kisima cha Punjab, Sahani ya Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mchele na Maji ya Ardhini

Mchele unaouzwa soko la Kongowea, Mombasa, una majina mengi: pishori, sindano, basmati, na ule wa bei nafuu ambao wenye maduka huuita tu "wa Pakistani". Majibu yaliyo hapa yanahusu maji yaliyoukuza, hasa maji ya chini ya ardhi, na jinsi mlaji wa Mombasa au Muscat anavyohusika na kisima ambacho hatakiona maishani mwake. Mchele umepewa nafasi kubwa kwa sababu ndio zao linaloongoza katika jambo hili. Ngano na majani ya mifugo vitatajwa pale vinapohitajika.

Mimi nanunua kilo mbili dukani. Nahusikaje na kisima cha mtu wa Pakistan?

Katika Punjab ya Pakistan (jimbo la jina hilo lipo pia ng'ambo ya mpaka, India) mpunga hupandikizwa Juni na Julai, joto likiwa kali kabisa, na huvunwa kuanzia Oktoba. Mvua za monsuni hunyesha katikati ya kipindi hicho lakini hazitoshi. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na zamu ikipita imepita. Pengo linalobaki hujazwa na pampu.

Mchele unapopakiwa melini Karachi, maji hayo hayamo ndani ya gunia. Yalishavukia hewani miezi kadhaa kabla. Anachopata mnunuzi ni nafuu: hakuhitaji kutumia maji yake mwenyewe, kwa kuwa mwenzake ametumia ya kwake. Profesa Tony Allan wa London ndiye aliyelieneza wazo hili miaka ya 1990, akieleza jinsi nchi kavu za Mashariki ya Kati zilivyoziba upungufu wa maji kwa kuagiza nafaka badala ya kugombana na jirani. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm. Yeye alimtazama zaidi anayenunua. Hapa tunamtazama anayeuza.

Lakini maji ya ardhini si hurudi mvua ikinyesha?

Hurudi, kila mahali kwa kasi yake. Sehemu zenye mvua nyingi na udongo wa kichanga, kisima kilichopungua kiangazi hujaa tena masika. Kwingine maji yaliyo chini ni ya kale, yaliingia ardhini maelfu ya miaka iliyopita wakati tabianchi ilikuwa nyingine kabisa, na leo hakuna kinachoyaongezea. Hayo ya Rasi ya Uarabuni ni ya namna hiyo. Punjab iko katikati: maji hurudishwa, tena kwa wingi, na mvua, mito na mifereji inayovuja. Tatizo ni kwamba yanachotwa kwa kasi zaidi. Wataalamu wanapozungumzia kumalizika kwa maji ya ardhini wanamaanisha tofauti hiyo tu, yaani kile kinachotolewa juu ya kile kinachorudi. Kuchota peke yake si kosa.

Pakistan ina mifereji mikubwa inayosifiwa dunia nzima. Kwa nini wahangaike na visima?

Hiki ndicho kisa kinachonivutia kuliko vyote. Utawala wa Waingereza ulichimba mifereji ya Punjab hasa kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19, ikitawanya maji ya Indus na mito inayoingia humo. Mingi haikusakafiwa. Maji yakavuja, mwaka hadi mwaka, na kufikia katikati ya karne ya 20 balaa lililokuwapo lilikuwa kinyume kabisa na la leo: maji ya ardhini yalipanda hadi karibu na uso, mashamba yakageuka kinamasi, chumvi ikatanda juu ya udongo kama vumbi jeupe. Miaka ya 1960 serikali ikaingia na mradi mkubwa uliojulikana kwa kifupi SCARP, wa kuchimba maelfu ya visima virefu ili kuyanyonya maji hayo na kuyashusha.

Visima vilifanya kazi. Wakulima nao waliona faida ambayo mfereji hauna: pampu haina zamu. Unawasha mpunga ukiwa na kiu, unazima ukishashiba. Wakachimba vyao, kwanza wenye uwezo, kisha kila mtu. Leo Pakistan ina visima vya pampu zaidi ya milioni 1, vingi vikiwa Punjab, na dawa iliyoletwa kushusha maji imeyashusha kupita kiasi.

Inafaa kuiona pampu yenyewe. Ile ya kawaida inayokaa juu ya ardhi huvuta maji kwa kunyonya, na kunyonya kuna kikomo, kwa sababu kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa iliyo nje. Kwa vitendo haiwezi kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 au 8. Maji yakishuka kupita hapo, mkulima huchimba shimo, hulijengea kwa matofali, kisha huishusha pampu ndani yake. Mota hubaki juu, na mkanda mrefu hushuka shimoni kuizungusha pampu. Maji yakishuka tena, shimo huongezwa kina. Mashimo ya namna hii yapo pande zote mbili za mpaka wa India na Pakistan, na kuna watu waliofia humo walipoingia kutengeneza pampu, wengine kwa kukosa hewa, wengine kwa kuangukiwa na kuta. Mwishowe shimo nalo halisaidii, na inabidi kununua pampu ya kuzamishwa ndani ya bomba, ambayo ni ghali na inataka nguvu zaidi. Mwenye eneo kubwa huinunua. Mwenye ekari mbili hununua maji kwa mwenye pampu, kwa saa.

Kwa hiyo kisima hakikauki kwa wote siku moja. Huanza kukauka kwa maskini.

Nani amepima? Maji yako chini, hayaonekani.

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya zamani: kushusha kamba yenye alama ndani ya kisima cha uchunguzi, msimu kwa msimu, na kuandika kina. Ya pili ilianza Machi 2002, setilaiti mbili za mradi wa GRACE zilipopelekwa angani na Marekani na Ujerumani. Zilikuwa zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, nazo zilipima jinsi umbali huo ulivyobadilika. Maji mengi ni uzito, na uzito huvuta. Setilaiti ya mbele ikipita juu ya eneo zito huvutwa kidogo kabla ya mwenzake. Ukirudia kipimo hicho mwezi baada ya mwezi unajua eneo gani limepungukiwa uzito.

Mwaka 2009 watafiti waliotumia vipimo hivyo walionyesha kwamba majimbo ya kaskazini magharibi mwa India, yaani Punjab, Haryana na Rajasthan, yalipoteza maji ya ardhini yapatayo mita za ujazo bilioni 109 kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008. Mvua katika miaka hiyo haikuwa mbaya. Ilikuwa kazi ya pampu.

Na wakati mwingine hata setilaiti haihitajiki. Karibu na Mendota, katika Bonde la Kati la California, kuna picha maarufu ya mwaka 1977 ya mwanasayansi Joseph Poland amesimama kando ya nguzo. Juu kabisa ya nguzo pamebandikwa kibao cha mwaka 1925, kuonyesha uso wa ardhi ulipokuwa wakati huo. Ardhi ilikuwa imezama kwa takriban mita 9, kwa sababu tabaka za udongo wa mfinyanzi zilizonyonywa maji hujikunja na hazifunguki tena.

Biashara ya chakula inachangia kiasi gani hasa?

Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2017 ukiongozwa na Carole Dalin, aliyekuwa London. Uliunganisha mambo mawili ambayo hapo awali yalihesabiwa mbalimbali: wapi maji ya ardhini yanamalizika kwa ajili ya umwagiliaji, na mazao ya hapo yanauzwa kwa nani. Jibu lilikuwa kwamba karibu asilimia 11 ya maji hayo yanayochotwa bila kurudi hutumika kukuza mazao yanayouzwa nje. Theluthi mbili ya kiasi hicho zilitoka nchi tatu: Pakistan asilimia 29, Marekani 27 na India 12. Na kati ya mwaka 2000 na 2010, uchotaji huo usiorudi uliongezeka kwa asilimia 22 duniani kote.

Asilimia 11 inaweza kusomwa kwa njia mbili. Anayetaka kujitetea atasema sehemu kubwa kabisa inaliwa nyumbani, na ni kweli. Punjab ya India ni mfano: wenyeji wake ni watu wa ngano, mchele hawauli sana kama tunavyodhani, ila wanaulima kwa wingi kwa sababu serikali kuu inaununua kwa bei ya uhakika na kuusambaza majimbo mengine. Mlaji wa mbali si lazima awe ng'ambo ya bahari. Lakini watafiti hao walionyesha pia kwamba watu wengi kabisa duniani wanaishi katika nchi ambazo nafaka zao za nje, karibu zote, zinatoka kwa wauzaji wanaomaliza maji yao. Hapo ndipo penye hatari, kwani kisima cha muuzaji kikikauka, jiko la mnunuzi litapata habari.

Nimesoma kwamba kilo moja ya mchele hunywa lita 2,500 za maji. Ni kweli?

Ni wastani wa dunia, na kama wastani ni sawa. Kwa swali letu hausaidii sana. Ndani ya hizo lita mna mvua iliyonyesha shambani, mna maji ya mto, mna maji ya kisima, vyote vimejumlishwa pamoja. Mpunga wa Kyela unaokua kwa mvua na mto unaweza kuwa na lita nyingi bila kumpunguzia mtu kisima. Basmati ya Gujranwala inaweza kuwa na lita hizo hizo, na sehemu yake ikawa imetoka mahali pasipojaa tena. Anayehesabu lita bila kuuliza ni maji gani anakuwa amehesabu nusu.

Basi kila kiroba cha mchele wa Pakistani kimemaliza maji ya mtu?

Hapana, na hapa watu wengi wanaoandika juu ya jambo hili wanakwenda haraka mno. Basmati ni ya Punjab, wilaya kama Gujranwala, Sheikhupura, Hafizabad na Sialkot, na huko visima vinafanya kazi kubwa. Lakini mchele mrefu wa bei nafuu, hasa aina ya IRRI-6, hulimwa kwa wingi jimbo la Sindh, upande wa chini wa Indus. Maji ya ardhini ya Sindh mahali pengi ni ya chumvi, hayafai kumwagilia, hivyo mpunga wa huko hutegemea mifereji ya mto. Una matatizo yake, mojawapo likiwa mto wenyewe kufika baharini umechoka, ila si tatizo la kisima.

Soma kiroba dukani: utaona aina, uzito, kiwango cha punje zilizovunjika, mwaka wa mavuno na nchi. Jimbo halimo, na maji yaliyotumika hayamo. Tena mchele huchanganywa njiani, kwenye mashine za kukoboa, bandarini, hata huku kwetu, ambako malalamiko ya pishori ya Mwea kuchanganywa na mchele wa nje ni ya miaka mingi. Uhusiano wa mlaji na kisima ni wa kweli ukiutazama kwa jumla ya nchi na nchi. Kwa kiroba kimoja huwezi kuuthibitisha.

Kenya inawapa nini badala yake?

Chai. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, na sehemu kubwa ya chai hiyo hupitia mnada wa Mombasa. Majani ya Kericho, Nandi na Murang'a hukua kwa mvua. Meli moja inakwenda Karachi na mvua ya Kericho, nyingine inarudi na mchele ambao sehemu yake imekuzwa kwa akiba ya chini ya ardhi. Ukipima kwa maji, si kwa shilingi, sisi ndio tuliopata faida.

Biashara hizi mbili zimefungamana hata kwenye ushuru. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75. Kenya kwa miaka mingi imeruhusiwa kutoza 35, na soko la chai la Pakistan ni moja ya sababu zinazotajwa kila mjadala huo unapofufuka. Mkulima wa Mwea analalamika, na ana haki ya kulalamika. Mkulima wa chai ananyamaza.

Na Tanzania, inayojilimia mchele wake?

Bara inahusika kidogo kwa upande wa mchele. Zanzibar ni habari nyingine, kwani wali wa kila siku Unguja na Pemba umetegemea mchele wa meli tangu enzi za masultani. Ngano ndiyo inayotufunga sote, ila hapa kuna nafuu: ngano inayoingia Dar es Salaam na Mombasa kutoka Urusi, Ukraine au Australia hukuzwa zaidi kwa mvua. Kwa upande wa maji ya ardhini, chapati ina dhambi ndogo kuliko biriani ya basmati.

India ilipofunga biashara ya mchele mwaka 2023, visima vilipumzika?

Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, ikihofia bei ya nyumbani. India ndiyo muuzaji mkubwa wa mchele duniani, karibu asilimia 40 ya biashara yote, kwa hiyo bei ilipanda kila mahali. Wanunuzi wakahamia kwa jirani. Katika mwaka wa biashara ulioishia Juni 2024 Pakistan iliuza takriban tani milioni 6, rekodi kwake. India iliondoa katazo lake Septemba 2024. Punjab ya India haikupumzika hata kidogo, kwa kuwa mchele wake mwingi usio basmati tayari ulikuwa ukinunuliwa na serikali.

Pampu za huko zinasukumwa na kitu kingine: umeme. Tangu mwaka 1997 wakulima wa Punjab ya India wamekuwa wakipewa umeme wa bure kwa ajili ya pampu, na kiasi kinachochotwa kwa mwaka kimepita asilimia 150 ya kile kinachorudi. Mwaka 2009 jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili mashamba yasijazwe maji katika wiki za joto kali. Maji kiasi yakaokolewa. Lakini mavuno nayo yakasogea mbele, mkulima akabaki na siku chache za kusafisha shamba kabla ya kupanda ngano, akaona njia ya haraka ni kuchoma mabua, na moshi wake ukaanza kuifika Delhi mwezi Novemba, upepo ukiwa umetulia. Ukivuta uzi mmoja katika jambo hili, mwingine unakaza.

Ni kweli Saudia ililima ngano jangwani hadi ikauza nje?

Ni kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Saudia ilinunua ngano ya wakulima wake kwa bei mara kadhaa ya bei ya dunia, na maji ya kale ya chini ya jangwa yakavutwa kwa mafuta ya bei poa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifika tani milioni 4 hivi na nchi ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano. Mwaka 2008 ikatangaza kuachana na mpango huo, na kufikia 2016 ununuzi ulikuwa umesitishwa.

Ng'ombe wa maziwa hawakuondoka, na wanataka majani. Mwaka 2014 Almarai, kampuni kubwa ya maziwa ya Saudia, ilinunua mashamba Vicksburg, Arizona, kulima majani ya alfalfa na kuyasafirisha kwa meli. Arizona vijijini mwenye ardhi alikuwa na uhuru mkubwa wa kuvuta maji apendavyo. Wenyeji walipiga kelele, na mwaka 2023 gavana Katie Hobbs alitangaza kusitisha mikataba ya kampuni tanzu ya Almarai kwenye ardhi ya jimbo katika bonde la Butler. Mashamba iliyoyanunua yenyewe hayakuguswa na uamuzi huo. Kwa maoni yangu hasira ya Arizona ilikuwa na haki nusu: mkulima Mmarekani wa jirani alikuwa akivuta maji hayo hayo chini ya sheria hiyo hiyo.

Ndugu wa Oman wanaijua hali hii bila kusimuliwa. Pwani ya Batina, pampu zilivuta maji matamu mpaka bahari ikaingia ardhini kuchukua nafasi yake, na mitende ikaanza kufa kwa chumvi.

Nikiacha kununua mchele wa nje nitakuwa nimesaidia?

Kidogo sana, na huenda ukamwumiza mtu asiye na kosa. Bei ikishuka, mkulima mdogo wa Punjab hapati pesa ya kubadilisha zao, na pampu anaiendesha vilevile ili alipe deni. Ukitaka kula wa Mwea, Kilombero au Kyela kwa sababu ya harufu yake na kwa kumwunga mkono jirani, hizo ni sababu zinazotosha zenyewe. Kutotupa wali uliobaki pia ni jambo la maana.

Basi nani mwenye uwezo wa kubadilisha kitu?

Anayepanga bei ya nguvu za pampu, na anayepanga zao lipi litanunuliwa kwa bei ya uhakika. Hao ni serikali za nchi zinazouza. Punjab ya Pakistan ilitunga sheria ya maji mwaka 2019, lakini kusimamia visima milioni ni kazi nyingine. Na sasa imeingia sola. Wakulima wa Pakistan wamezikimbilia paneli kwa kasi ya ajabu, kwa sababu dizeli na umeme vimewashinda. Mtu aliyekuwa akizima pampu kuokoa mafuta leo hana sababu ya kuizima jua likiwaka. Ni nishati safi, na kwa maji ya ardhini ni habari mbaya.

Shambani kuna njia zinazojulikana. Moja ni kuacha jaruba likauke kidogo kati ya kumwagilia na kumwagilia: bomba fupi lenye matundu hufukiwa kwenye udongo, mkulima huchungulia ndani, na hafungulii maji mpaka yashuke sentimita 15 chini ya uso. Wakulima wetu wanaofuata kilimo shadidi, Mwea na Morogoro, wanaufahamu mtindo unaofanana na huo. Maji ya kufungulia hupungua hata kwa asilimia 30. Tahadhari moja: pale ambapo maji ya ziada yalikuwa yakizama na kurudi kisimani, kuyazuia yasizame si kuyaokoa. Kinachookolewa hasa ni kile ambacho kingevukia, na hicho ni kidogo kuliko matangazo yanavyodai.

Upande wa wanunuzi, waagizaji wakubwa wa mchele nchini Kenya wangeweza kudai kiroba kiandikwe jimbo la mavuno. Msagaji wa Karachi anajua amenunua mpunga wapi. Vitabu vyake vya hesabu vinamwambia.